Uzito wa Mashine ya Tatu

Mashine ilikuwa imebakisha dakika moja tangu saa tatu asubuhi, na sasa ilikuwa inakaribia saa sita.

Urbanus alisimama mbele yake, mkoba wa spana begani, akiikodolea macho ile namba moja nyekundu. Nyuma ya kioo mashuka ya mteja yalizunguka polepole, yakasimama, yakarudi nyuma. Maji yakaingia. Maji yakatoka. Dramu ikajaribu kushika kasi, ikagonga du, du, du, ikakata tamaa. Kisha maji yakaanza kuingia upya, taratibu, kana kwamba hapakuwa na mtu aliyekuwa akingoja.

"Hii ni mara ya tano nakuita, fundi," Naliaka alisema, mikono kiunoni. "Ya tano! Wateja wananiuliza kama nafua nguo zao ama nazilea."

Naliaka ndiye aliyekuwa mwenye laundri hiyo ya Mugutha, chumba cha chini katika ghorofa jipya, mashine tatu zimepangwa ukutani. Mbili za kwanza zilifanya kazi bila neno. Ya tatu, iliyokaa pembeni pale bomba la kisima lilipoingilia, ilikuwa imemtesa mwezi mzima. Na ilimtesa Urbanus zaidi. Alikuwa ametengeneza mashine za kufulia miaka kumi na mmoja, kutoka kwao Landless, Thika, hadi Kahawa Sukari, na sifa yake ilikuwa moja tu: alichokigusa hakikumwita tena. Hii alikuwa amebadilisha springi zake, akabadilisha beringi, akabadilisha mkanda, akabadilisha hata bodi ya stima. Kila mara ilifanya kazi siku mbili, kisha simu ikalia.

"Mlijaza sana?"

"Mashuka manne! Apiyo, mwambie."

"Manne tu," alisema Apiyo. Alikuwa mfanyakazi wa hapo tangu siku ya kufunguliwa, mama wa mtoto mmoja, mcheshi kwa kawaida, ila leo alikuwa ameegemea meza ya kupigia pasi na kuishikilia kwa mikono yote miwili.

"Basi sikiza," Urbanus alisema, akijikaza asipandishe sauti, maana alikuwa ameshaeleza haya. "Ikimaliza kufua, inamwaga maji machafu, inaleta masafi, inazigeuzageuza nguo ziachie sabuni. Inafanya hivyo mara mbili, tatu. Huko ndiko kusuuza. Kukamua ni kitu kingine. Hapo inazunguka mbio mpaka nguo zinabandika ukutani na maji yanarushwa nje kupitia haya matundu. Lakini kabla ishike mbio, lazima isikie kama uzito umeenea pande zote. Ikisikia mzigo umelala upande mmoja, inakataa, kwa sababu itajivunja. Inaongeza maji, inajaribu kuzipanga tena. Inajaribu. Inajaribu."

"Na hii imejaribu tangu asubuhi."

"Naona."

"Sasa ni nini kimelala upande mmoja?"

Swali hilo lilimuudhi Urbanus. Alizima mashine, akatoa mashuka, akaingiza kichwa ndani ya dramu. Hakuona kitu. Chuma kitupu, kinang'aa. Ila kulikuwa na harufu. Si ya sabuni wala ya maji yaliyolala. Ilikuwa chachu tamu, nzito, kama maganda ya kahawa yaliyorundikwa juani siku tatu.

Akaisukuma dramu kwa kidole. Dramu tupu yenye beringi nzuri husimama popote inapochoka. Hii ilizunguka, ikapunguza mwendo, ikarudi nyuma, ikabembea kama pembea, ikatulia. Akatia alama ya chaki mahali palipokuwa chini. Akasukuma tena. Alama ikarudi chini. Akasukuma mara nne, na mara nne alama ikarudi chini.

"Unaona?" alisema karibu kwa furaha. "Kuna uzito hapa. Nitaupata leo."

Akasukuma mara ya tano. Safari hii alama ya chaki ilitulia juu kabisa. Urbanus alikunja uso. Chuma hakihami. Akainama aangalie vizuri, na alipokuwa ameinama hivyo, mkono wake mmoja ukiwa umeshika ukingo wa mlango na stima ikiwa imezimwa ukutani, dramu ilianza kugeuka yenyewe, polepole sana, bila mlio wowote, ikipandisha ule uzito usioonekana kutoka chini, ikiuleta mbele, kuelekea mkononi mwake, mpaka akahisi ubaridi wa maji ukimpuliza kwenye vidole.

Akautoa mkono.

"Nini?" Naliaka aliuliza.

"Hakuna. Nipeni unga."

Alifikiri kwamba kitu kikipimwa hakitishi tena. Walimletea pakiti za unga wa mahindi za kilo mbili mbili kutoka duka la jirani, na yeye akazifunga kwa plastiki na kuzibandika ndani ya dramu upande ulio mkabala na uzito. Pakiti moja. Mbili. Tano. Ilipofika ya saba, dramu ikatulia popote ilipoachwa.

"Kilo kumi na nne," alisema. Jasho lilimtoka. "Mashine tupu, na ina kilo kumi na nne za ziada."

"Pimeni na zangu," Apiyo alisema, akijaribu kucheka. Alipanda juu ya mizani ya sakafuni waliyopimia magunia ya nguo za wateja. "Siku tunafungua nilikuwa sitini na tatu. Madam si unakumbuka? Ulinicheka."

Mshale ulisimama kwenye arobaini na tisa.

Wote watatu walifanya hesabu ileile: kumi na nne. Lakini Apiyo hakuwa amekonda. Mashavu yalikuwa yamejaa vilevile, na koti lake la kazi lilimbana vilevile mikononi.

"Mnaniangalia hivyo kwa nini?" Apiyo alinong'ona. "Kwani niko na nini?"

Urbanus alikusanya spana zake. Alisema mizani imeharibika na kwamba angerudi na beringi nyingine. Alijua anadanganya, na njia nzima hadi Thika alijikasirikia.

Simu za Naliaka hazikukoma. Alikuwa ameichomoa mashine kwenye stima na bado ilizunguka mchana kutwa. Aliita wanaume wanne wa mkokoteni waitoe nje, wakashindwa kuisogeza hata inchi moja. Mchungaji alikuja na akina mama wawili wakaomba saa nzima, na wakati wa maombi mashine ilikamua vizuri ajabu, ikalia mlio wake wa kumaliza, mchungaji akaondoka akishukuru. Kabla hajafika barabarani, namba moja ilikuwa imerudi.

"Na Apiyo?" Urbanus aliuliza.

"Tumempeleka hospitali. Wamesema damu ni safi, kila kitu ni safi. Daktari amesema ni mizani zake zimeharibika." Naliaka alianza kulia. "Fundi, ako kilo thelathini na moja. Anatembea na mawe kwa mifuko. Anasema bila mawe anahisi kama anatembea juu ya godoro. Jana amepita sakafu yenye maji, na hakuacha alama za miguu."

Simu ilikatika. Kulikuwa na mtu mmoja wa kumuuliza, na huyo alikuwa mtu wa mwisho ambaye angetaka kumuuliza.

Mama yake, Mbinya, aliishi mitaa miwili tu kutoka kwake. Zamani watu wenye majini walimjia kutoka Matuu, wengine kutoka Kitui kabisa, wakilala mlangoni kungoja zamu yao. Urbanus alipokuwa karibu kufunga ndoa kanisani alimwambia achague, mambo hayo au wajukuu. Mbinya aliitupa kengele yake na vibuyu vyake chooni, mbele ya macho yake. Tangu hapo walisalimiana vizuri, wakaongea juu ya mvua na bei ya maharagwe, na hawakuwahi kuongea kikweli.

Alimkuta ameketi kwenye kigoda mlangoni akiambua minji, mwanamke mnene mwenye magoti mabovu.

"Mwaitu," alimwita mama kwa Kikamba, "kuna mashine."

"Mimi si fundi."

"Nimejaribu yote ninayojua. Si shida ya spana."

"Basi ni shida ya nini?" Vidole vyake havikusimama. "Liseme hilo neno. Lile uliloniambia halipo."

Urbanus alitazama chini. "Jini."

"Aa." Akatupa ganda. "Mimi nilistaafu. Wewe ndiye ulinistaafisha."

"Kuna mama wa watu anakufa."

Mbinya akaambua maganda matatu zaidi, kisha akasukuma sinia kando. Akauliza maswali makavu kama daktari. Maji ya pale yanatoka wapi? Kisima, mwenye nyumba alichimba nyuma. Kabla ya nyumba palikuwa nini? Kahawa. Shamba, ama mahali pa kuoshea? Urbanus hakujua, lakini alimweleza ile harufu, na mama yake akafumba macho.

"Nilifanya kazi ya kuosha kahawa huko nikiwa msichana," alisema. "Ilichachushwa kwenye matangi, halafu ikasuuzwa, tangi hadi tangi. La mwisho hatukuingiza mguu saa ya adhuhuri. Kila mtu alijua. Matangi yalibomolewa, lakini kilichokaa humo hakikubomolewa. Kilishuka chini, na nyinyi mmekivuta kwa bomba." Akamtazama. "Jini la maji halina uzito. Maji ndiyo hulibeba. Likionja uzito wa mtu, hapo ni kama mtoto na sukari. Huyo mama, anafulia nguo zake mle?"

"Koti la kazi. Kila jioni."

"Kila jioni analipelekea kijiko cha uzito wake."

"Linatoka vipi?"

"Niambie wewe. Wewe ndiye wa mashine. Uchafu hutoka vipi kwenye nguo?"

"Unasuuzwa. Halafu nguo zinakamuliwa, yale maji..." Urbanus aliona ile dramu ikijaribu na kuacha, ikijaribu na kuacha, mwezi mzima. "Linajua. Ikikamua mpaka mwisho, litarushwa nje. Ndiyo maana haliikubali ile dakika."

"Umesoma shule kweli," Mbinya alisema, akanyoosha mkono ainuliwe.

Walifika Mugutha kesho yake kabla ya adhuhuri. Apiyo alikuwa amelala juu ya magunia ya nguo, mawe kifuani, macho yake tu ndiyo yakitembea. Naliaka alikuwa amefunga mlango wa mbele. Mashine nyingine mbili zilikuwa zikifua nguo za wateja, kwa sababu, alisema kwa hasira iliyochoka, kodi hailipwi na majini.

Urbanus alifungua mgongo wa mashine ya tatu na kufanya jambo ambalo katika miaka kumi na mmoja hakuwahi kulifanya. Kuna swichi ya usalama inayokata stima mtikisiko ukizidi. Aliitoa, akaunganisha nyaya zake moja kwa moja. Kuanzia hapo mashine haingekataa tena, hata kama ingejipasua.

"Mpira wa kutoa maji usiende kwa shimo," Mbinya aliagiza. "Weka kwenye mtungi. Likirudi ardhini litarudi kisimani, kama kila mara ulipoitengeneza."

Kisha akavua leso aliyokuwa amejifunga, ile ya kila siku, yenye harufu ya moshi na minji, akaitupa ndani ya dramu.

"Ya nini hiyo, Mwaitu?"

"Haliwezi kuachia mkono mmoja bila kushika kwingine. Washa."

"Hebu nieleze kwanza."

"Urbanus, umenikataza kazi hii miaka sita. Leo usinifundishe. Washa!"

Akawasha. Maji yaliingia, yakaigeuza leso mara chache, yakatoka. Namba moja ikawaka. Dramu ikaanza kuzunguka, du, du, du, na ilipofika pale ilipozoea kukata tamaa ikatetemeka kama punda anayekataa mzigo, halafu, kwa kuwa hakukuwa na kitu cha kuizuia, ikaendelea. Meza ya pasi ilitembea. Chupa za sabuni zilianguka moja baada ya nyingine. Urbanus aliikumbatia mashine kwa kifua na mikono yote isiruke ukutani, na huku ameibana hivyo alisikia, ndani ya ngurumo, sauti kama ya punje za kahawa zikimiminwa kwenye zege, debe baada ya debe, na ndani ya punje hizo sauti ya mwanamke, au ya wanawake wengi, ikihesabu, sitini na tatu, sitini na mbili, sitini na moja, ikihesabu kwenda chini kwa uchungu wa mtu anayenyang'anywa. Na alipofungua macho aliona kwenye kioo, kwa ndani, kiganja kimebandikwa, cheupe kama ngozi iliyoloa siku nyingi, vidole vimepanuka, vikiburutwa taratibu kuelekea kwenye matundu.

Hapo stima zikapotea.

Taa zilizimika. Mashine ya kwanza na ya pili zikanyamaza. Ya tatu haikunyamaza. Iliongeza kasi.

"Linavuta lenyewe!" Naliaka alipiga kelele. "Mama, linavuta!"

Mbinya alikuwa ameshaweka viganja vyake viwili juu ya kioo, juu ya kile kiganja, na alikuwa akiongea na jini kwa Kikamba kwa sauti ya chini, bila hasira, kama mtu anayemwambia mgeni kwamba jua limezama na njia ni ndefu. Urbanus hakuyasikia maneno yote. Alisikia "njoo" na alisikia "hapa". Mpira ulirukaruka sakafuni, ukatapika. Maji ya kahawia, yenye povu na ile harufu ya uchachu, yalimiminika mtungini, ingawa ndani ya dramu hamkuwa na kitu ila leso moja, na yalimiminika mpaka mtungi wa lita ishirini ukajaa hadi shingoni. Likaanguka tone la mwisho. Dramu ikapunguza mwendo, ikasimama popote ilipochoka.

Mashine, bila stima, ikalia mlio wa kumaliza.

"Funga kifuniko," Mbinya alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Twende mtoni. Kwenye maji yanayokwenda. Wewe tangulia, na usigeuke nyuma mpaka umwage."

Mtungi ulikuwa mzito kuliko mtungi wowote aliowahi kubeba. Kila hatua kumi alibadilisha mkono. Jua lilikuwa kali, watu wa Mugutha walikuwa wakienda na shughuli zao, mwanamke mmoja alimwuliza kama anauza hayo maji. Nyuma yake alisikia kandambili za mama yake zikipiga vumbi, pa, pa, kama siku zote. Walipopita nyumba za mwisho alizisikia kwa mbali. Walipoanza kuteremka kuelekea Mto Ruiru hakuzisikia kabisa.

"Mwaitu, uko?"

"Niko. Usigeuke."

"Sikusikii ukitembea."

"Natembea. Nenda."

Alitaka kugeuka. Kila mshipa wa shingo yake ulitaka. Alishuka hadi ukingoni akinung'unika, akimlaumu Naliaka, akilaumu kisima, akijilaumu mwenyewe kwa miaka sita ya mvua na maharagwe. Akafungua kifuniko, akainamisha mtungi. Maji hayo hayakuchanganyika mara moja na ya mto. Yaliteleza juu yake yakiwa mamoja, marefu kama mtu aliyelala chali, yakajigeuza mara moja, kisha yakachukuliwa.

Akageuka.

Mama yake alikuwa amesimama hatua tatu juu yake, ameshikilia kichaka kwa mikono yote miwili. Alikuwa mnene vilevile, uso uleule. Lakini majani chini ya miguu yake hayakuwa yamelala.

Simu ikalia mfukoni. Aliipokea bila kujua anafanya nini.

"Fundi!" Naliaka alikuwa akicheka na kulia. "Apiyo amesimama! Amepanda mizani, ni sitini na tatu! Kamili! Anaomba chapati. Fundi, unanisikia? Mwambie mama asante. Mwambie aje tumpikie."

"Nitamwambia," Urbanus alisema, akakata.

Alipanda zile hatua tatu. "Ulijua," alisema. "Ulipotupa ile leso ulijua."

"Lilikuwa limeshika mtu. Nikalipatia mwingine, likamwachia yule." Mbinya alijaribu kutabasamu. "Huyo bado ana mtoto mdogo. Mimi mtoto wangu ameshakuwa fundi."

"Mwaitu, nami nitakufanyia nini sasa? Na hii nitaitengeneza na nini?" Alisikia sauti yake ikipasuka kwa ghadhabu, na hakujua anamkasirikia nani.

Upepo wa adhuhuri ulikuwa umeanza kupanda kutoka mtoni, mwepesi tu, wa kutikisa nyasi. Kichaka kikainama upande mmoja, na nyayo za Mbinya zikaachana na ardhi.

Urbanus aliruka akamdaka kiunoni. Alikuwa hajamkumbatia mama yake tangu harusi, na sasa alimbana kifuani kwa nguvu zote za mtu aliyezoea kubeba mashine, na mikono yake haikubeba chochote.

"Nishike vizuri, mwanangu," Mbinya alinong'ona sikioni mwake. "Upepo unakuja mwingine."